Ulishafanyiwa LASIK, PRK au RK na sasa una mtoto wa jicho: lenzi ipi ikufae?

Waliotupa miwani kwa msaada wa leza, yaani LASIK au PRK, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 sasa wengi wao wamevuka hamsini, na umri wa mtoto wa jicho umewafikia. Miongoni mwao wamo Waswahili waliofanyiwa kazi hiyo Nairobi, India, Dubai, London au Toronto. Wamekaa miaka ishirini bila miwani, na wanapoambiwa lenzi ya jicho imeingia ukungu, matumaini yao ni kurudi palepale walipokuwa. Kisha wanaonyeshwa orodha ya lenzi za kupandikiza zenye majina na bei tofauti, wanatakiwa wachague, na mara nyingi hakuna aliyewaeleza kwamba jicho lao si sawa na la jirani aliyeketi nao kwenye benchi.

Kuitoa lenzi yenye ukungu si tatizo. Jicho lililopita LASIK hufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho karibu sawasawa na jicho lingine lolote. Ugumu uko kwingine: namba ya lenzi mpya ni ngumu kuipata, na konea, kioo cha mbele cha jicho, tayari ina hitilafu zake ambazo lenzi fulani huzistahimili na nyingine huzizidisha. RK, upasuaji wa chale wa kabla ya leza, ina sehemu yake mbele. Ukielewa mambo haya mawili, orodha ya lenzi hupungua yenyewe.

Kama ulichowekewa zamani ni lenzi ya ICL ndani ya jicho, bila konea kuchongwa, makala hii haikuhusu sana. Konea yako ni nzima, hesabu ni za kawaida, na ICL hutolewa katika upasuaji uleule.

KWA NINI NAMBA YA LENZI HUKOSEWA

Lenzi huchaguliwa kwa vipimo viwili vikubwa: urefu wa jicho kutoka mbele hadi nyuma, na nguvu ya konea, yaani kile kioo cha mbele. Leza haikugusa urefu. Iliyochongwa ni konea, na makosa matatu huanzia hapo.

Kosa la kwanza ni la mahali pa kupimia. Keratomita ya kawaida, kifaa cha kupima mpindo wa konea, haisomi katikati kabisa ya konea, husoma duara lenye kipenyo cha milimita 3 hivi. Kwa mtu ambaye konea yake ililazwa ili aone mbali, katikati pamelala kuliko kwenye duara hilo. Kosa la pili: mashine huona uso wa mbele tu, na uso wa nyuma inaukisia kwa kutumia faharasa (kiwango cha kupinda mwanga) ya 1.3375, ikiamini kwamba nyuso hizo mbili zina uwiano wa kuzaliwa nao. LASIK na PRK zimebadili uso wa mbele peke yake, kwa hiyo uwiano huo haupo tena. Kosa la tatu liko ndani ya fomula. SRK/T, Hoffer Q na Holladay 1 hutumia nguvu ya konea kukisia lenzi mpya itakaa kina gani ndani ya jicho. Zikiona konea iliyolala hudhani lenzi itakaa mbele zaidi, na hupendekeza lenzi dhaifu kuliko inayohitajika. Daktari wa macho Jaime Aramberri wa Uhispania alionyesha mwaka 2003 namna ya kulikwepa kosa hili la tatu: tumia nguvu ya konea ya kabla ya leza kukisia mahali pa lenzi, na ya sasa kukokotoa nguvu yake.

Kwa aliyekuwa na namba za hasi, yaani hakuwa anaona mbali, makosa yote matatu husukuma upande mmoja: lenzi inakuwa dhaifu, jicho linaishia kwenye namba ya chanya, na mtu haoni vizuri mbali wala karibu. Hayo ndiyo matokeo yanayoumiza kuliko yote. Aliyekuwa na namba za chanya akafanyiwa leza ya upande huo hupata kinyume chake: huangukia kwenye hasi, na angalau cha karibu hukiona.

Ukubwa wa kosa si mdogo. Fomula ya Shammas, inayotumika pale ambapo hakuna rekodi za zamani, huchukua kipimo cha konea, hukizidisha kwa 1.14, kisha hutoa 6.8. Konea iliyosomwa dayopta 38.00 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi, kilekile cha namba za miwani) inakuwa 36.52. Hapo tayari ni dayopta moja na nusu, kabla hujaongeza kosa la kukisia mahali pa lenzi.

Leo zipo fomula zilizotengenezwa kwa macho ya namna hii: Barrett True-K, Haigis-L, Shammas na nyinginezo. Chama cha Marekani cha madaktari wa upasuaji wa mtoto wa jicho, ASCRS, kimeweka kikokotoo cha bure mtandaoni kinachotoa majibu ya fomula kadhaa kwa pamoja. Muombe daktari akuonyeshe majibu hayo. Yakikaribiana ndani ya nusu dayopta, msingi ni mzuri. Yakipishana kwa zaidi ya dayopta moja, vipimo virudiwe kabla ya mtu yeyote kutaja jina la lenzi.

Hata kwa fomula hizi, usahihi haulingani na wa jicho lisiloguswa. Jicho la kawaida katika kituo kizuri hutua ndani ya nusu dayopta ya lengo takriban mara nane kati ya kumi. Baada ya LASIK tegemea sita au saba. Baada ya RK ni pungufu ya hapo. Ndiyo maana swali la kwanza kuhusu lenzi yoyote liwe hili: namba ikikosewa kidogo, nitaishi nayo vipi?

MAANDALIZI YASIYOTEGEMEA LENZI

Tafuta rekodi zako za zamani: namba ya miwani kabla ya leza, vipimo vya konea kabla ya leza, na namba iliyobaki miezi kadhaa baada ya leza, kabla mtoto wa jicho hajaanza. Usipeleke namba ya miwani ya mwaka huu ukidhani ndiyo matokeo ya leza, kwa sababu mtoto wa jicho wa katikati ya lenzi husogeza namba kuelekea hasi na hesabu itapotoka. Kama kliniki ilifungwa au karatasi zilipotea, usikate tamaa. Haigis-L, Shammas na aina mojawapo ya True-K hufanya kazi bila historia, na madaktari wengi sasa huziamini kuliko rekodi zenye mashaka.

Lenzi laini za kuvaa ziachwe wiki moja hadi mbili kabla ya vipimo, ngumu wiki tatu au zaidi. Macho makavu, ambayo ni ya kawaida baada ya LASIK, yatibiwe kwanza kwa wiki kadhaa, maana konea kavu hutoa namba moja asubuhi na nyingine mchana. Vipimo virudiwe siku tofauti. Urefu wa jicho upimwe kwa mashine ya mwanga. Kama mtoto wa jicho ni mzito kiasi kwamba mwanga haupiti, basi ultrasaundi itumike kwa njia ya maji, bila ncha kugusa konea: kuibonyeza kwa sehemu ya kumi ya milimita tu kunaleta kosa la robo dayopta au zaidi.

Ramani ya konea, yaani topografia, si ya hiari. Bila ramani hakuna ajuaye kama leza ilichonga katikati au pembeni, na nusu ya maswali yanayofuata hayana jibu.

Mambo mawili husahaulika na yana madhara. Konea iliyopunguzwa unene husomwa presha ndogo kuliko iliyopo, kwa hiyo presha ya jicho inaweza kupanda kwa sababu ya matone ya steroidi baada ya upasuaji na kipimo kikaonekana salama. Taja LASIK kila unapopimwa presha. La pili: leza iliondoa miwani, haikufupisha jicho. Aliyekuwa na hasi 8 bado ana jicho refu lenye retina iliyovutika, na hatari yake ya retina kubanduka iko palepale. Retina ichunguzwe mboni ikiwa imepanuliwa, kabla na baada. Ukiona vimulimuli vipya, madoa mengi yanayoelea au pazia jeusi, nenda hospitali siku hiyohiyo.

VIGEZO VYA KULINGANISHA

Lenzi tano zinazofuata zimepimwa kwa mambo yaleyale. Moja, inastahimili vipi namba iliyokosewa. Mbili, uoni wa usiku na ung'avu wa vivuli, yaani kutofautisha vitu vyenye rangi zinazokaribiana, ukizingatia kwamba konea yako tayari inatawanya mwanga. Tatu, unaona umbali gani bila miwani. Nne, jinsi ya kurekebisha matokeo yakiwa mabaya. Tano, gharama na upatikanaji. Mwisho wa kila moja utaona inamfaa nani.

LENZI YA MONOFOKALI

Hii ina sehemu moja ya kuonea: mbali, au kati, au karibu, kadiri mtakavyokubaliana.

Namba ikikosewa: kosa la nusu dayopta linaonekana, lakini miwani huliondoa lote, kwa sababu lenzi yenyewe haigawanyi mwanga. Wapasuaji wengi hulenga hasi 0.50 hadi hasi 0.75 badala ya sifuri, ili kosa likitokea upande wa chanya jicho liangukie karibu na sifuri.

Usiku: hii ndiyo bora kwa konea iliyochongwa, mradi ichaguliwe aina sahihi ya mzingo, na hapa wengi hupitiwa. Leza ya kuondoa hasi huongeza kwenye konea hitilafu ya duara (mwanga wa pembeni na wa katikati kutokutana mahali pamoja) ya upande wa chanya, kwa hiyo lenzi inayoipunguza husaidia: Tecnis ina takriban hasi 0.27 ya maikromita, AcrySof IQ hasi 0.20. Leza ya kuondoa chanya huacha hitilafu ya upande wa hasi, na lenzi hizohizo zinaweza kuizidisha. Mtu huyu anafaa zaidi lenzi isiyo na hitilafu hiyo, kama enVista, au lenzi ya duara ya kawaida. Ni chaguo lisiloongeza gharama kubwa, lakini lazima daktari ajue ulifanyiwa leza ya aina gani.

Umbali: mbali bila miwani, kusoma kwa miwani. Anayetaka kupunguza miwani anaweza kuwekewa jicho linaloongoza (ambalo ubongo hulitegemea zaidi) kwa mbali na jingine kwa hasi 1.25 hadi 1.50. Waliofanyiwa LASIK wakiwa na miaka arobaini na kitu mara nyingi tayari wanaishi hivyo, na ubongo wao umeshazoea. Kwao busara ni kuendeleza mpangilio uleule kwa macho yaleyale. Asiyewahi kuujaribu aujaribu kwanza kwa lenzi ya kuvaa, kama mtoto wa jicho bado mwepesi.

Kurekebisha: miwani, leza ndogo juu ya konea kama unene uliobaki unaruhusu, lenzi ya pili mbele ya ile ya kwanza, au kubadilisha lenzi. Kubadilisha ni rahisi katika wiki na miezi ya mwanzo, kabla kifuko kinachobeba lenzi hakijaishika. Na kabla ya kubadilisha, hakuna anayepaswa kukichanja kifuko hicho kwa leza ya YAG, ile ya kukifungua kikiingia ukungu.

Gharama: ndiyo nafuu kuliko zote, na kwa kawaida ndiyo bima hugharamia. Ipo ya toriki kwa wenye astigmatizimu, yaani konea iliyopinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine, ila usiikubali kwa kutazama namba tu. Itazame ramani: astigmatizimu iliyo na umbo la kipepeo chenye mabawa sawa hurekebishika, iliyopinda ovyo haitarekebishwa na toriki. Ikizunguka nyuzi 10 tu kutoka mahali pake, hupoteza takriban theluthi ya kazi yake.

Inamfaa: karibu kila mtu aliyepita leza, na hasa dereva wa usiku, mwenye ugonjwa wa retina au presha ya macho, na yule ambaye fomula zake hazikubaliani.

LENZI YA KINA KIREFU, EDOF

Hurefusha eneo la kuonea kutoka mbali hadi umbali wa mkono, kwenye kompyuta na dashibodi. Zinazojulikana ni Tecnis Symfony, iliyopata kibali Marekani mwaka 2016, na AcrySof IQ Vivity, ya mwaka 2020. Hazifanyi kazi kwa njia moja. Symfony ina pete zinazogawa mwanga, Vivity haina pete hizo, bali katikati yake imefinyangwa ili kuurefusha mwanga.

Namba ikikosewa: huvumilia zaidi kidogo kuliko monofokali, kwani eneo lake la kuonea limetanda. Robo hadi nusu dayopta upande wa hasi hupita bila malalamiko. Kosa la upande wa chanya hula ule urefu uliolipia.

Usiku: yenye pete huleta miduara na miale kuzunguka taa. Isiyo na pete huleta kidogo, lakini zote hupunguza ung'avu wa vivuli kuliko monofokali. Ukichanganya na konea iliyochongwa, mapungufu mawili hujumlishwa.

Umbali: mbali na kati bila miwani, na maandishi madogo ya dawa au Kurani ya mfukoni yatahitaji miwani ya chanya 1.00 hadi 1.50.

Kurekebisha: kama monofokali, ila namba iliyobaki ikirekebishwa malalamiko ya miduara hubaki.

Gharama: ya nyongeza, kwa kawaida kutoka mfukoni.

Inamfaa: aliyepita LASIK au PRK ya namba ndogo au ya wastani, ramani yake imekaa katikati, hana ugonjwa wa retina, na kazi yake ni ya kompyuta na mchana zaidi kuliko barabara kuu usiku.

LENZI YA TRIFOKALI

Hugawa mwanga kwenye mbali, kati na karibu. PanOptix, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, hulenga sentimita 60 na 40 pamoja na mbali.

Namba ikikosewa: haina msamaha. Nusu dayopta ya kosa huharibu sehemu zote tatu kwa pamoja, na miwani hairudishi furaha yote. Usiku: miduara huonekana hata kwa macho mazima. Umbali: hapa haina mshindani, menyu, simu na gazeti husomeka bila miwani. Kurekebisha: mara nyingi leza ya nyongeza kwenye konea, na isipotosha, lenzi hutolewa. Gharama: ya juu.

Kizingiti cha kuangalia ni hitilafu za juu za konea, zile ambazo miwani haiwezi kuzirekebisha, katika eneo la milimita 4 za katikati. Wataalamu wengi huona chini ya maikromita 0.3 ni sawa, kati ya 0.3 na 0.5 ni pa tahadhari, juu ya 0.5 lenzi ya namna hii iachwe. Konea nyingi zilizochongwa kwa namba kubwa hazipiti hapo. Hasara yenyewe ni rahisi kuielewa: mwanga umeshagawanywa mara tatu, na kila sehemu inafika kwenye retina ikiwa imepita kwenye kioo kisicho laini.

Inamfaa: wachache. Namba ya zamani ilikuwa ndogo, ramani safi, macho si makavu, retina nzima, haendeshi gari usiku, na yuko tayari kufanyiwa leza ya pili ili kumalizia.

LENZI YA KUREKEBISHWA KWA MWANGA

Lenzi hii ya kampuni ya RxSight ilipata kibali Marekani Novemba 2017. Imetengenezwa kwa silikoni yenye chembe zinazobadilika zikipigwa mwanga wa urujuanimno wa nanomita 365. Upasuaji ni wa kawaida. Siku 17 hadi 21 baadaye, jicho likiwa limetulia, mgonjwa hupimwa miwani, kisha lenzi hubadilishwa namba ikiwa ndani ya jicho, kwa mwanga unaochukua dakika chache tu. Hurudiwa mara moja hadi tatu kwa nafasi ya siku kadhaa, halafu lenzi hufungwa kwa mwanga wa mwisho, kwa kawaida mara mbili.

Namba ikikosewa: ndiyo jibu la moja kwa moja, maana huhitaji kubahatisha kabla. Hurekebisha takriban dayopta 2 za chanya au hasi, pamoja na astigmatizimu. Kwa aliyepita LASIK faida hii ni kubwa kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Usiku: sawa na monofokali, kwani haigawanyi mwanga. Umbali: unaweza kujaribu jicho moja mbali na jingine karibu, ukaishi hivyo wiki moja, ukabadili mawazo kabla ya kufungwa. Kurekebisha: ndiyo kazi yake, lakini ikishafungwa hubaki njia zilezile za kawaida.

Gharama na upatikanaji: hapa ndipo inapokwama. Lazima kituo kiwe na mtambo wa mwanga, si lenzi tu. Mboni lazima ipanuke vizuri, karibu milimita 6.5 au zaidi, ili mwanga ufike ukingoni. Miwani ya kuzuia urujuanimno huvaliwa saa zote za kuwa macho, tangu upasuaji hadi saa 24 baada ya kufungwa kwa mwisho. Kwenye jua la Dar es Salaam au Muscat, kuivua kwa uzembe kunaweza kuibadilisha lenzi kabla ya wakati. Aliyewahi kuugua virusi vya hepesi kwenye jicho, anayetumia tamoksifeni au dawa zinazoongeza usikivu kwa mwanga huo, hafai. Anayesafiri kwenda kufanyiwa apange kukaa wiki sita au zaidi, au arudi zaidi ya mara moja.

Inamfaa: mwenye namba kubwa ya zamani, fomula zinazopishana, muda wa kurudi kliniki, na kituo kilicho karibu. Kwa Waswahili wanaoishi Marekani ni chaguo la kuulizia mapema.

LENZI YA TUNDU DOGO

IC-8 Apthera, iliyoidhinishwa Marekani Julai 2022, ina pete nyeusi yenye tundu la milimita 1.36 katikati. Miale iliyopinda inayopita pembeni huzuiwa, na iliyonyooka hupita.

Namba ikikosewa: huvumilia vizuri, pamoja na astigmatizimu hadi karibu dayopta 1.50. Usiku: miale inayotokana na konea mbaya hupungua, lakini giza huongezeka, kwani mwanga mwingi umezuiwa. Umbali: kati na sehemu ya karibu huongezeka jicho likilengwa takriban hasi 0.75. Kwa kawaida huwekwa jicho moja, lisiloongoza, na jingine monofokali. Kurekebisha: miwani, au kuitoa. Upasuaji wa retina na leza ya YAG baadaye vinahitaji mkono uliozoea, kwa sababu ile pete huziba njia. Gharama: ya juu, na vituo ni vichache.

Inamfaa: mwenye konea isiyo laini, leza iliyochonga pembeni au chale za RK, mwenye retina nzima na neva ya jicho isiyoliwa na presha.

WALIOFANYIWA RK

RK ni upasuaji wa chale zinazotoka pembeni mwa konea kuelekea katikati, uliosambazwa na Svyatoslav Fyodorov wa Urusi katika miaka ya 1970, kabla ya leza. Kundi hili linastahili maelezo yake, kwa sababu kanuni za LASIK hazilitoshi.

Chale hizo haziponi kikamilifu. Utafiti wa PERK wa Marekani ulionyesha kwamba miaka kumi baadaye macho 43 kati ya 100 yalikuwa yamesogea dayopta moja au zaidi kuelekea chanya. Konea hulala asubuhi na kuinuka jioni, kwa hiyo pima asubuhi na alasiri, uandike zote. Uso wa nyuma nao umelala, tofauti na LASIK, hivyo fomula za LASIK zisitumike kwa RK. True-K ina sehemu yake ya RK, na kikokotoo cha ASCRS pia.

Wapasuaji hulenga hasi 0.75 hadi hasi 1.00, wakijua kwamba jicho litaendelea kuteleza kwenda chanya. Baada ya upasuaji konea huvimba kwenye chale, na wiki ya kwanza mtu anaweza kujikuta na chanya 2 au zaidi. Mara nyingi huondoka yenyewe ndani ya wiki kadhaa hadi miezi mitatu. Anayebadilisha lenzi wiki ya pili kwa hofu huishia na kosa la upande wa pili. Miwani ya muda ndiyo dawa.

Hatari nyingine iko mezani: chale ya zamani ikipasuka wakati wa upasuaji itahitaji kushonwa. Tundu la kuingilia lipite kati ya chale, lisikatize hata moja. Zikiwa nane au zaidi, nafasi kwenye konea ni finyu, na njia ya kupitia sehemu nyeupe ya jicho ndiyo salama.

FAKO AU UPASUAJI WA MKONO

Afrika Mashariki upasuaji wa mkono wa chale ndogo ni wa kawaida, na si wa kudharauliwa. Hukata handaki la milimita 6 hadi 7 kwenye sehemu nyeupe, wakati fako, yaani kuisaga lenzi kwa mawimbi ya ultrasaundi, huingia kwa milimita 2.2 hadi 2.8 kwenye konea. Handaki pana linaweza kuleta astigmatizimu isiyotabirika sana, na kwa aliyepita LASIK anayelenga namba sahihi, fako ina nafasi bora. Toriki, EDOF na trifokali hutegemea fako. Kwa mtoto wa jicho mgumu sana, mkono wenye uzoefu ni salama kuliko fako inayochoma konea kwa nishati nyingi. Na kwa RK yenye chale nyingi, kuingilia kwenye sehemu nyeupe kuna faida yake, hata pale inapotumika fako.

Kambi za macho ni neema kwa wengi, ila kuna jambo la kusema wazi: pale ambapo watu wote huwekewa lenzi ya namba moja ya wastani bila kupimwa, aliyepita LASIK asiingie. Jicho lake mara nyingi ni refu, huenda akahitaji namba iliyo mbali sana na hiyo.

KWA HALI YAKO

Ulikuwa na hasi 3, LASIK yako ilienda vizuri, ramani imekaa katikati, fomula zinakubaliana: una uhuru wa kuchagua kati ya monofokali na EDOF, na swali linabaki la usiku dhidi ya kompyuta. Trifokali izungumzwe tu kama unakubali leza ya kumalizia.

Ulikuwa na hasi 8 au zaidi: monofokali yenye mzingo unaofaa, lengo la hasi kidogo, au lenzi ya kurekebishwa kwa mwanga kama unaifikia. Retina kwanza.

Ulifanyiwa leza ya chanya: monofokali isiyo na hitilafu ya duara, na uhakikishe daktari hatumii fomula ya upande wa hasi.

Taa za usiku zinakusumbua tangu siku za leza, hata kabla ya mtoto wa jicho: achana na kila lenzi inayogawa mwanga. Monofokali, au tundu dogo kwenye jicho moja.

Una RK: monofokali ya hasi kiasi, au tundu dogo. Lenzi ya kurekebishwa kwa mwanga inawezekana, lakini marekebisho yasubiri hadi konea itulie, miezi miwili au mitatu, na miwani ya kinga ivaliwe muda wote huo.

Macho yote mawili yana mtoto wa jicho: yasifanywe kwa wiki moja. Lifanywe lisiloongoza kwanza, subirini wiki nne hadi sita, mpime lilipotua, kisha kosa lake litumike kurekebisha hesabu ya la pili. Hii ni bure, na husaidia popote pale, hata hospitali isiyo na mashine mpya.

Kituo chako hakina topografia wala fomula za macho yaliyochongwa: kama mtoto wa jicho bado mwepesi, miezi michache ya kusubiri haina madhara makubwa kwa wengi. Omba rufaa kwenye kituo kinachofanya vipimo hivyo, peleka majibu kwa daktari wako, na upasuaji wenyewe unaweza kufanyika karibu na nyumbani. Kama ni mzito na umeshapoteza kazi au unaanguka njiani, fanyiwa kwa monofokali, daktari atumie fomula ya Shammas kwa karatasi na kalamu pamoja na mbinu ya Aramberri ya mahali pa lenzi, alenge hasi 1.00, na umwambie mapema kwamba unajua huenda ukavaa miwani.